Kwaresima ya Watoto wa Kware

Katika shule za msingi za Kikatoliki za Kware na mitaa jirani ya Mukuru, mashariki mwa Nairobi, Kwaresima ni jambo la muhula wa kwanza. Shule za Kenya hufunguliwa Januari na kwa kawaida hufungwa Aprili. Jumatano ya Majivu nayo haiangukii kabla ya tarehe 4 Februari wala baada ya tarehe 10 Machi. Kwa hiyo kipindi hiki cha siku 46, ambazo ukiondoa Jumapili hubaki 40, hupita katikati ya mitihani ya mwanzo wa muhula, mapumziko mafupi na mashindano ya michezo. Pasaka ikiwahi, wanafunzi huingia Juma Kuu wakiwa bado na sare. Ikichelewa, kama mwaka 2025 ilipoangukia tarehe 20 Aprili, shule huwa zimeshafungwa na siku za mwisho huachiwa wazazi na parokia. Mvua za masika huanza katikati ya Machi, na ndiyo sababu Njia ya Msalaba inayoanza kwa vumbi katika viwanja vya Kware humalizika kwa matope.

Kinachofanya historia ya kipindi hiki iwe ya kufuatiliwa ni kwamba sheria ya Kanisa haiwadai watoto wadogo kufunga hata siku moja. Wengi wao, kwa upande mwingine, hutoka majumbani ambako mlo wa mchana si jambo la uhakika. Kwaresima ya shuleni ilibidi ijengwe juu ya kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa sadaka. Njia ya sadaka hiyo ni ndefu, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka mia moja watoto wa Afrika Mashariki walikuwa wakipokea, si wakitoa.

Kware ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Embakasi Kusini, pamoja na Imara Daima, Kwa Njenga, Kwa Reuben na Pipeline. Mtaa ulipata jina kutokana na machimbo ya mawe ya kujengea, “quarry” kwa Kiingereza. Mawe yalipochukuliwa, mashimo yalibaki, mengine yakajaa maji, mengine taka. Watu walifika hapa kwa sababu ya Industrial Area, eneo la viwanda la jiji. Mwanamume au mwanamke anayetafuta kibarua hana budi kuwa kwenye lango la kiwanda alfajiri, na anayeishi Mukuru hufika kwa miguu bila kutoa nauli. Nyumba za mabati zilisongamana kandokando ya mto Ngong na reli, baadaye magorofa ya kupangisha yakapanda upande wa Pipeline. Watoto walikuwa wengi kuliko shule tangu mwanzo.

Ili kuelewa Kwaresima ya shule hizi, inafaa kuanzia pwani. Mapadre wa kwanza Wakatoliki wa enzi mpya walifika Zanzibar mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion. Miaka mitatu baadaye kazi ilichukuliwa na Shirika la Roho Mtakatifu, ambalo mwaka 1868 lilivuka bahari na kufungua misheni ya Bagamoyo. Watoto waliokombolewa utumwani, wengine kwa kununuliwa katika soko la Zanzibar kabla halijafungwa mwaka 1873, ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Sehemu ya fedha za kuwalisha na kuwafundisha ilitoka kwa watoto wenzao wa Ulaya kupitia chama cha Utoto Mtakatifu, kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson. Masharti ya chama hicho yalikuwa mepesi: sala fupi kila siku na senti moja kila mwezi. Senti hizo zilikusanywa hadi zikawa mahindi, nguo na vitabu upande wa pili wa dunia.

Wamisionari haohao walipanda kutoka pwani, na mwaka 1899, mwaka ambao reli ilifika Nairobi, walifungua misheni ya St Austin's nje ya kambi ya reli. Waafrika Wakatoliki waliokuja kufanya kazi mjini walipata kanisa lao katika miaka ya 1920, St Peter Claver's, karibu na mitaa waliyoruhusiwa kuishi. Petro Klaveri alikuwa Mjesuiti aliyewahudumia watumwa wa Kiafrika waliopelekwa Amerika. Wakati huo shule na mafundisho ya dini vilikuwa kitu kimoja. Katekista alifundisha herufi asubuhi na katekisimu jioni, na Kwaresima ilikuwa majira ya kuwapima wakatekumeni kabla ya ubatizo.

Sheria ya mfungo katika miaka hiyo ilikuwa kali kuliko wanavyodhani Wakatoliki wengi wa leo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kila aliyetimiza miaka saba ajinyime nyama katika siku zilizotajwa, na kila aliyetimiza miaka 21 afunge mpaka alipoingia mwaka wa 60. Maana yake ni kwamba mtoto wa darasa la pili naye alikuwa na sheria ya nyama. Nchi za misheni zilipewa ruhusa za kulegeza masharti haya, na katika mabweni ya misheni ambako chakula cha kila siku kilikuwa ugali, maharagwe au githeri, sheria haikuwa na cha kuondoa sahanini. Hata hivyo ilifundishwa, na wazee waliosoma kabla ya Uhuru waliikariri.

Badiliko lilikuja tarehe 17 Februari 1966, pale Papa Paulo VI alipotoa waraka wa *Paenitemini*. Siku za kufunga zilibaki mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Umri wa kujinyima nyama ulipandishwa kutoka 7 hadi 14. Sheria mpya ya mwaka 1983 ilithibitisha umri huo na kuanzisha wajibu wa kufunga mtu anapotimiza miaka 18. Watoto walio chini ya umri hawakusahauliwa: wachungaji na wazazi walitakiwa kuwafundisha maana ya toba. Kwa maneno mengine, kazi ilihamishwa kutoka jikoni kwenda darasani, na jinsi ya kuifanya iliachwa wazi. Ufa huo ndio shule ziliouziba kwa njia zao wenyewe.

Miaka miwili baadaye Sheria ya Elimu ya 1968 ilibadilisha nafasi ya Kanisa ndani ya shule. Shule za misheni ziliingia mikononi mwa serikali na, mijini, mabaraza ya miji. Kanisa likabaki mfadhili, lenye sauti katika malezi ya kiroho lakini si mwajiri wa walimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeuweka wajibu huo wa mfadhili katika maandishi. Katika ratiba ya wiki, kinachobaki mikononi mwa Kanisa moja kwa moja ni kipindi kimoja cha PPI, yaani mafundisho ya kichungaji, mbali na somo la CRE, yaani elimu ya dini ya Kikristo, ambalo mtaala wake unatumiwa pia na Waprotestanti. Kwaresima ya shule nyingi za Nairobi hupangwa ndani ya kipindi hicho kimoja na dakika za gwaride la asubuhi.

Mukuru ilikuwa na historia yake. Masista wa Huruma, shirika lililoanzishwa Dublin mwaka 1831 na Catherine McAuley, walikuwa jirani tayari, kwani hospitali yao ya Mater ilifunguliwa South B mwaka 1962. Kuanzia mwaka 1985, Sista Mary Killeen na wenzake waliingia ndani ya mitaa ya mabati na kuanza kazi iliyozaa Mukuru Promotion Centre. Shule zilizokua kutokana na kazi hiyo ni pamoja na St Catherine, St Bakhita na St Elizabeth. Upande wa Kwa Reuben, Ndugu wa Kikristo wanaendesha kituo chenye shule na zahanati. Kuzunguka shule hizi zilizosajiliwa kuna madarasa mengi ya watu binafsi na ya makanisa madogo, yaliyojengwa kwa mabati katika viwanja visivyotosha hata gwaride.

Jina la Bakhita linastahili sentensi mbili. Josefina Bakhita alitekwa akiwa mtoto huko Sudan, akauzwa mara kadhaa, akafia Italia akiwa mtawa mwaka 1947 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000. Sikukuu yake, tarehe 8 Februari, huja mlangoni mwa Kwaresima, na walimu wa PPI hupenda kuanzia kwake, kwa kuwa mtoto wa Mukuru anaelewa kwa haraka habari ya mtoto aliyenyang'anywa nyumbani kwake.

Shule zilipoanza kutoa chakula, swali la mfungo lilijibiwa na hali yenyewe. Sahani ya mchana ilikuwa sababu ya watoto wengi kufika darasani, na mwalimu yeyote wa Mukuru aliweza kuona mahudhurio yakishuka siku sufuria haikupanda jikoni. Kwa miaka mingi Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulipeleka chakula katika shule za mitaa duni ya Nairobi, hadi mwaka 2018 ulipoikabidhi serikali shughuli hiyo. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha Dishi na County kwa shule za umma, ambapo mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo na mtoto hugusisha bangili ya mkononi kwenye mashine kabla ya kupakuliwa. Kumwambia mtoto wa namna hii aruke mlo kwa ajili ya toba kungekuwa ukatili, na Kanisa halikufanya hivyo. Siku ya Majivu walimu hufunga, watoto hula.

Wanachokiacha watoto ni vitu vidogo vya njiani. Vibanda vya Kware huuza mabuyu, ngumu, barafu ya rangi kwenye karatasi ya nailoni, smoki na mutura wa jioni. Mtoto aliyepewa shilingi 10 huamua, mbele ya rafiki zake, kama zitaishia hapo au katika mkebe. Mkebe wenyewe ni wa kawaida, kwa mfano wa mafuta ya kupikia, kifuniko kikiwa kimetobolewa kwa kisu na nje kukabandikwa karatasi ya zambarau. Hukaa juu ya meza ya mwalimu au juu ya kabati, na darasa hujua uzito wake kwa mlio.

Mkebe huu una ndugu zake duniani. Misereor ya Ujerumani ilianzishwa mwaka 1958, Trócaire ya Ireland mwaka 1973, na nchini Marekani bakuli la karatasi la Kwaresima lilianza mwaka 1975 katika mji wa Allentown, Pennsylvania. Sanduku la Trócaire hupelekwa nyumbani na wanafunzi wa Ireland kila mwaka, na mashirika haya yote yametuma fedha Kenya. Masista waliotoka Ireland waliujua utaratibu huo kutoka kwao. Hata hivyo mkebe wa Kware haukusanyi kwa ajili ya watu wa mbali tu. Mara nyingi yaliyomo hununua unga, sabuni ya kipande na mafuta ya kupimiwa kwa bibi anayelea wajukuu au kwa jirani mgonjwa wa mlango wa tatu. Maduka ya mtaa huuza kwa vipimo vidogo, uchumi wa kadogo kama unavyoitwa, na mtoto asiye na shilingi huleta alichoweza kupewa nyumbani: sukari ya kikombe kimoja iliyofungwa kwenye karatasi, au vijiko vichache vya chumvi.

Hapa ndipo Utoto Mtakatifu uliporudi kwa mlango mwingine. Chama kilichopewa hadhi ya kipapa mwaka 1922 kinajulikana Kenya kwa herufi PMC, na watoto wake hutambulika Jumapili kwa sare na kwa kucheza mbele ya maandamano ya Misa. Kauli yake ni kwamba watoto wasaidie watoto. Bagamoyo kauli hiyo ilikuwa na upande wa kutoa na upande wa kupokea, na bahari katikati. Katika parokia za Eastlands mtoto yuleyule anaweza kuwa pande zote mbili ndani ya muhula mmoja: hulipiwa viatu na wafadhili wa ng'ambo Februari, na Machi hutia shilingi 5 katika mkebe. Kuna wanaoona kuwa kuwachangisha maskini ni kuwaongezea mzigo. Hoja hiyo ina uzito pale shule inapogeuza sadaka kuwa mashindano ya madarasa na kusoma majumla hadharani, kwani hapo anayeaibika ni mzazi. Mkebe usiohesabiwa mbele ya watu hauna tatizo hilo.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, Kwaresima ya Kenya ilikuwa imepata pia sura ya uraia. Maaskofu waliunda Tume ya Haki na Amani mwaka 1988, na Kampeni ya Kwaresima inayoandaliwa na tume hiyo hutoa kijitabu chenye mada za wiki tano, kama vile rushwa, uchaguzi, ardhi, maji, familia au mazingira. Kila wiki ina picha na kisa, somo la Biblia na maswali, kwa mtindo wa kuona, kuamua na kutenda uliotoka kwa Mbelgiji Joseph Cardijn. Kijitabu kiliandikwa kwa ajili ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, na zinazokutana katika vyumba vya Kware kwa zamu. Watoto huketi miguuni mwa mama zao jumuiyani, wakaisikia habari ya maji ya kununua kwa mtungi au ya kiwanja kilichonyakuliwa, na Jumatatu mwalimu akiiuliza darasani majibu huwa tayari. Mwishoni mwa mwaka 2021 maelfu ya nyumba za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara. Kwaresima iliyofuata, mada ya makazi haikuhitaji picha ya kijitabu.

Ibada zenyewe zina mpangilio unaotambulika toka shule hadi shule. Siku chache kabla ya Majivu, wanafunzi huagizwa kurudisha matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Mengi hutoka nyuma ya picha ukutani, yakiwa meusi kwa moshi wa jiko la mafuta ya taa. Katekista huyachoma kwenye karai, akayaponda na kuyachekecha. Misa hufanywa uwanjani, na padre mmoja wa parokia yenye shule nyingi hawezi kuwa kila mahali, hivyo majivu hupakwa pia na walei walioruhusiwa. Wadogo huenda nyumbani wakiyalinda wasiyaguse, wakubwa huyafuta kabla ya kufika stejini.

Ijumaa ni siku ya Njia ya Msalaba. Vituo 14, idadi iliyopitishwa rasmi na Papa Klementi XII mwaka 1731, hubandikwa kwenye kuta za madarasa, au pasipo picha huandikwa namba kwa chaki. Msalaba wa mbao hupokezanwa darasa kwa darasa. Kupiga magoti mara 14 juu ya kokoto si jambo dogo, na watoto hujua kukunja sweta na kuliweka chini ya magoti. Ngoma na kayamba hupumzishwa isipokuwa kwa kushika wimbo, Utukufu na Aleluya havisikiki, na wachezaji wa PMC hukaa chini majuma yote sita. Kwa watoto wa mtaa huu, kukatazwa kucheza huenda ndiko kujinyima kunakouma zaidi.

Shule hizi hazijawahi kuwa za Wakatoliki peke yao. Baada ya elimu ya msingi kufanywa ya bure Januari 2003, madarasa yalifurika watoto wa kila dhehebu: Waadventista, Wapentekoste, Akorino wenye vilemba vyeupe, Waislamu, na Legio Maria, ambao walijitenga na Kanisa Katoliki upande wa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kubaki na sehemu kubwa ya ibada zake. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inakataza mtu kulazimishwa kufanya tendo lililo kinyume na imani yake, na majivu ni tendo la namna hiyo. Kwa kawaida asiyetaka hubaki mahali pake mstarini. Mwanzoni mwa Machi 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza ndani ya wiki moja. Mtoto Mwislamu aliyefunga toka alfajiri na Mkatoliki aliyeacha mabuyu waliketi dawati moja, na hapo ilikuwa wazi nani alikuwa na mfungo mzito.

Mwaka 2020 kipindi kilikatwa katikati. Majivu yalipakwa tarehe 26 Februari, na Jumapili ya tatu ya Kwaresima, tarehe 15 Machi, serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya Korona. Mikebe ilibaki makabatini. Wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2021, na Majivu ya mwaka huo, kwa agizo la Vatikani, yalinyunyizwa kichwani bila padre kumsemesha kila mtu. Tarehe 26 Machi mikusanyiko ya ibada ilisitishwa Nairobi na kaunti nne nyingine, wiki moja na siku mbili kabla ya Pasaka.

Mabadiliko ya karibuni yametoka kwenye mtaala, si kanisani. Darasa la nane lilifanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023, na sekondari ya chini ikawekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, gredi ya tisa ya kwanza ikiingia mwaka 2025. Wengi wa wanafunzi hao wametimiza miaka 14, umri wa sheria ya nyama. Katika kiwanja kimoja sasa kuna wanaobanwa na sheria ya Ijumaa na wadogo wasiobanwa, wote wakipanga foleni kwenye sufuria moja ya wali na maharagwe au githeri, chakula kinachoruhusiwa Ijumaa yoyote ya mwaka.